Buti la Ngozi Haliuawi na Mvua

Mvua za Songea huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Kwa miezi hiyo yote, njia za kupanda milima ya Matogoro, kule unakoanzia Mto Ruvuma, huwa ni tope jekundu na nyasi zilizojaa maji. Anayepita huko na mabuti ya ngozi, awe mlinzi wa msitu, mwanafunzi au mgeni aliyekuja kutembea, hurudi jioni miguu imelowa. Kisha hufanya kile kinachofanyika karibu kila nyumba: huyasogeza mabuti kando ya jiko la mkaa ili yakauke, maana kesho yatahitajika tena. Hapo ndipo buti linapouawa. Mvua ilikuwa imelilowesha tu.

Je, wajua ni kwa nini moto huliharibu buti kuliko maji? Jibu limo ndani ya ngozi yenyewe. Ukiitazama kwa hadubini utaona nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni, zimepishana na kusongana pande zote. Ukizidi kuingia ndani, kila unyuzi umejengwa kwa nyuzi nyembamba zaidi, hadi ufikie molekuli yenye minyororo mitatu iliyojisokota pamoja kama ukambaa. Kati ya nyuzinyuzi hizo kuna nafasi. Maji huingia kwenye nafasi hizo, na jasho la mguu hutokea humo humo.

Wangoni walipofika nchi hii katika karne ya 19 wakitokea kusini, walibeba ngao za ngozi ya ng'ombe. Ngozi ya namna hiyo, iliyowambwa na kukaushwa juani bila dawa, huwa ngumu kwa sababu nyuzinyuzi zake zimegandana. Ikilowa hulegea, na ikikaa na unyevu huoza. Buti haliwezi kutengenezwa kwa ngozi hiyo. Ni lazima kwanza kitu kiingie kati ya nyuzinyuzi, kizishike zisigandane tena na kuwazuia bakteria wasizile.

Kitu kimoja cha namna hiyo kinatoka jirani yetu kabisa. Ukipanda basi la Songea kwenda Makambako utapita Njombe, na huko utaona mashamba ya miwati, miti yenye asili ya Australia. Kampuni ya Tanganyika Wattle, inayojulikana zaidi kama TANWAT, ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya miti hiyo. Maganda yake hubanduliwa, hukatwakatwa na kulowekwa katika maji ya moto ili yatoe tanini. Tanini ndiyo ile inayokausha mdomo unapotafuna tunda bichi, kwa kuwa hushikamana na protini za mate. Katika pipa la mtengeneza ngozi hufanya kazi hiyo hiyo: huishika kolajeni, na ngozi mbichi inakuwa ngozi ya kiatu, ya rangi ya kahawia, nzito na imara.

Njia ya pili ni ya chumvi za kromu. Ilianza kutumika viwandani mwishoni mwa karne ya 19, baada ya Augustus Schultz kupata hataza yake Marekani mwaka 1884. Ngozi nyingi za viatu duniani leo ni za kromu, kwa kuwa kazi iliyochukua wiki au miezi kwa maganda ya miti humalizika kwa siku chache. Ukitaka kujua buti lako ni la aina gani, tafuta mahali ngozi ilipokatwa na kuachwa wazi, mathalani ukingo wa ulimi. Ikiwa katikati ni kijivu au samawati hafifu, ni kromu. Ikiwa ni kahawia toka juu hadi chini, huenda ni ngozi ya maganda, ingawa rangi ya kiwandani inaweza kukudanganya.

Tofauti hiyo si ya wataalamu peke yao. Ngozi mbichi yenye maji huanza kujikunja ikifika nyuzijoto 60 na kitu. Iliyotengenezwa kwa tanini huvumilia hadi kati ya 70 na 85. Ya kromu, ikitengenezwa vizuri, hupita 100, na mafundi wa viwandani huipima kwa kuchemsha kipande chake kwa dakika chache waone kama kitasinyaa. Sasa fikiria kando ya mkaa unaowaka. Ncha ya buti iliyo karibu na moto inaweza kupita viwango hivyo kabla mwenye buti hajamaliza kula. Hata ngozi ya kromu isiposinyaa, upande wa nje hukauka upesi kuliko wa ndani, mafuta yaliyotiwa kiwandani hupungua au kuhama, na nyuzinyuzi zinazokosa mafuta husuguana hadi zikatike. Ufa wa kwanza huonekana pale vidole vinapokunja kiatu. Gundi ya soli nayo hulegea kwa joto. Ufa wa ngozi hauna dawa ya kweli. Fundi anaweza kuubandika, lakini nyuzi zilizokatika haziungani.

Kwa hiyo buti lililolowa lioshwe tope kwanza, kwa sababu udongo ukikaukia juu yake hufyonza mafuta ya ngozi. Toa kamba na soli ya ndani. Jaza magazeti makuukuu, uyabadilishe yakishalowa, kisha liweke kivulini penye upepo. Katika unyevu wa Februari linaweza kuchukua siku mbili. Ni kero, najua, hasa kwa mwenye jozi moja, na ndiyo maana nashauri gambuti za mvua kwa kazi za kila siku za shamba, mabuti ya ngozi yabaki kwa safari.

Sasa tuje kwenye kuzuia maji, na hapa miombo yetu ina utajiri ambao wengi hawaufikirii. Nta ya nyuki, inayobaki baada ya kukamua asali, huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 na haipatani na maji hata kidogo. Peke yake ni ngumu mno kuingia katika ngozi, hivyo huchanganywa na mafuta: sehemu moja ya nta kwa sehemu mbili au tatu za mafuta ya mgando. Yeyusha ndani ya kopo lililosimamishwa katika sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwani mchanganyiko huo hushika moto. Ukipoa, paka kidogo kidogo kwa kitambaa juu ya buti safi lililokwisha kukauka. Tumia mswaki mkuukuu kuusukuma kwenye mishono na kwenye kiungo cha ngozi na soli, kwa maana maji hupenda kupita kwenye matundu ya sindano kabla ya kupita kwenye ngozi.

Mafuta ya alizeti yasitumike, ingawa ndiyo yaliyo karibu jikoni. Yakikutana na hewa hubadilika, hunata, hukamata vumbi na kunuka. Dawa ya kung'arishia viatu nayo, kama Kiwi iliyoanza kuuzwa Melbourne mwaka 1906, hutoa utando mwembamba unaotosha kiatu cha ofisini; mvua ya Matogoro ni jambo jingine. Na nta isizidi. Ukiziba kila nafasi, jasho litakosa pa kutokea, na mguu utalowa kutoka ndani.

Kwa anayenunua mabuti ya kupandia milima kwenye mitumba, kuna hatari moja isiyoonekana. Mengi yana tabaka la povu la poliyurethani kati ya ngozi na soli. Povu hilo huvunjwa na unyevu wa hewa taratibu, hata buti likiwa limekaa kabatini bila kuvaliwa, na joto huharakisha. Baada ya miaka kadhaa hugeuka makombo. Buti lenye ngozi nzuri kabisa linaweza kuachia soli yote katikati ya mlima. Kabla ya kutoa fedha, bonyeza tabaka hilo kwa kidole gumba, kisha likunje buti kwa nguvu uangalie pembeni. Likionyesha nyufa ndogo au likitoa unga, shusha bei au liache. Ngozi ikiwa nzima, fundi viatu anaweza kulikwangua povu lote, kubandika soli ya mpira mtupu na kuizungushia mshono wa uzi wa nailoni. Litakuwa zito kidogo, na sehemu ile ya povu haitamsumbua tena mwenye nalo.