Katizo Lisilo na Mwenyewe

Kompyuta ya Linux inafanya kazi vizuri, kisha kadi ya mtandao inazubaa ghafla. Ukifungua kumbukumbu za mfumo unakuta kerneli imelalamika kwamba katizo namba 16 halikujaliwa na yeyote, hivyo imelifunga.

Katizo ni hodi ambayo kifaa humpigia prosesa: pakiti imefika, diski imemaliza kusoma. Draiva, yaani programu inayoendesha kifaa hicho, ndiyo inayopaswa kuitikia. Kerneli huhesabu. Katika kila makatizo 100,000 ya laini moja, kama zaidi ya 99,900 hayakudaiwa na draiva yoyote, laini hufungwa, na vifaa vyote vinavyoitumia hukwama au hujikokota.

Vyote, kwa sababu katika PCI, mfumo wa kuunganisha kadi na vifaa ndani ya kompyuta, vifaa kadhaa huweza kushiriki laini moja, yaani waya mmoja. Hapo ndipo wachunguzi wengi hupotea: kadi iliyozimika huenda haina kosa lolote, mkosaji ni jirani yake. Waya huo hubaki umeamshwa hadi kifaa kilichouamsha kifutiwe ombi lake. Draiva ikitoka bila kulifuta, prosesa hurudishwa palepale, tena na tena.

Kuna kosa gumu zaidi kulinasa. Draiva imeandika amri ya kufuta, lakini PCI huruhusu maandishi kuchelewa njiani. Draiva inamaliza kazi ilhali amri haijafika, na katizo la uongo linazuka. Tiba ni kusoma rejista ya kifaa hichohicho mara baada ya kuandika, kwa kuwa usomaji huyasukuma maandishi yaliyotangulia yafike kwanza.

Baadhi ya waandishi wa draiva hunyamazisha lalamiko kwa kuifanya draiva idai kila katizo. Hilo ni kosa kubwa: kerneli haitafunga laini tena, na mashine nzima inaweza kuganda.

Pa kuanzia ni faili la /proc/interrupts. Lisome mara mbili, ulinganishe hesabu ya makatizo ya laini yako. Idadi ikipanda kwa kasi ya ajabu, ombi halifutwi. Isiposogea kabisa, huenda kifaa hakijaruhusiwa kutoa katizo.

Tangu toleo la 2.2 la PCI, la 1998, kuna njia ya MSI, ambapo kifaa hutuma katizo kwa kuandika kwenye anwani ya kumbukumbu, bila kushiriki waya na kingine. Kifaa chako kikiweza MSI, itumie kwanza.