Kitambulisho na Lupango Yake: Kuvifikia Vidhibiti Vilivyomo Ndani ya Vingine katika Programu za Tovuti

1.0 Utangulizi

Mji wa Likasi, ulioko kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, una komine nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Mgeni akishuka garini na kuuliza, "Namba 14 iko wapi?", hatapewa jibu bali ataulizwa yeye: komine gani, kartie gani, avenyu gani? Namba 14 ziko nyingi mjini, na kila moja ni sahihi mahali pake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo linalowasumbua wanafunzi wengi wa utungaji wa programu za tovuti, yaani kukitafuta kidhibiti kwa kitambulisho chake na kukikosa, au kupata kisicho chenyewe, ni tatizo la mgeni huyo. Aidha, tunapendekeza kwamba Kiswahili cha Katanga kina neno linaloweza kulieleza jambo hili kwa wepesi: lupango.

2.0 Istilahi

Kiolesura ni ile sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa. Kidhibiti ni kila kifaa kilichomo katika kiolesura: kitufe, kisanduku cha maandishi, orodha, jedwali. Kitambulisho ni jina ambalo mtunzi wa programu hukipa kidhibiti ili apate kukiita. Kitambulisho si maandishi ayaonayo mtumiaji. Kitufe kinaweza kusomeka "Hifadhi" leo na "Andika" kesho, na kitambulisho chake kikabaki kilekile.

Lupango, kwa wakazi wa Likasi na Lubumbashi, ni kiwanja cha kuishi kilichozungushiwa ukuta au ua, pamoja na nyumba zilizomo. Aghalabu familia kadhaa hukaa katika lupango moja. (Katika makala haya neno hili limepatanishwa kama nomino za ngeli ya I/ZI.) Ndani ya lupango, ukiita "Mama Furaha", anaitika mtu mmoja na hakuna utata. Ukitoka nje ya geti na kuita jina hilohilo barabarani, huenda wakageuka akina mama watatu.

Kwa kufuata maana hiyo, tutaita lupango kidhibiti chochote kinachobeba vidhibiti vingine, na ambacho ndani yake jina moja haliruhusiwi kutolewa mara mbili. Nje yake jina hilo laweza kurudiwa bila kosa.

3.0 Jinsi mashine inavyotafuta

Katika kivinjari, ukurasa mzima ni lupango moja. Kanuni za lugha ya HTML zinataka kila kitambulisho kiwe cha pekee katika ukurasa wote. Amri ya getElementById hutafuta ukurasa mzima, na ikiwa mtunzi amekiuka kanuni akarudia kitambulisho, amri hiyo hurudisha kidhibiti cha kwanza inachokutana nacho. Haitoi onyo lolote.

Katika seva mambo yanaweza kuwa tofauti. Mathalani, mfumo wa ASP.NET Web Forms, uliotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2002 na ambao bado unaendesha programu nyingi za zamani, umegawanya ukurasa katika lupango nyingi. Amri yake ya kutafuta, FindControl, hupekua lupango iliyoanzia tu. Hupita katika vyumba vya kawaida vilivyomo humo, lakini ikifika kwenye geti la lupango nyingine haiingii. Isipokiona kidhibiti, hurudisha utupu; na mtunzi akijaribu kuutumia utupu huo kana kwamba ni kidhibiti, programu husimama.

Hapa hatuna budi kutofautisha ukuta na geti. Si kila kidhibiti kinachobeba vingine ni lupango. Kuna vinavyovikusanya vidhibiti kwa ajili ya mpangilio tu, na hivyo havizuii utafutaji. Jedwali linalorudia safu, au nafasi ya maudhui katika ukurasa-kiolezo, ni lupango. Kwa hiyo mtunzi hutakiwa kwenda hatua kwa hatua: aifikie lupango ya nje, kisha kutoka humo aitafute ya ndani.

Inafaa kutambua kwamba mwendo huu ni kinyume cha ule wa Kiswahili. Sisi husema "kitasa cha mlango wa nyumba ya lupango ile", tukianza na kitu na kuishia na mahali. Mashine huanza na mahali, ikaishia na kitu. Mwanafunzi atakayeitamka sentensi yake ya Kiswahili kisha akaisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo atakuwa amepata mpangilio wa msimbo wake.

4.0 Mfano: daftari la ada

Tuchukue mfano wa kubuni wa shule ya sekondari ambako karani huandika ada za wanafunzi 40 katika jedwali. Kila safu ina jina la mwanafunzi, kisanduku kiitwacho kiasi na kitufe cha kuhifadhi. Kila safu ni lupango. Ndiyo maana visanduku 40 vinaweza kuitwa kiasi bila kugombana.

Mtunzi anaandika amri ya kukitafuta kiasi akianzia kwenye ukurasa. Anapata utupu. Kwa kukata tamaa anatunga njia ya mkato: amri inayofungua kila geti, moja baada ya jingine, hadi ikute kisanduku chenye jina hilo. Sasa programu haisimami tena, naye anaridhika. Lakini kiasi kilichopatikana ni cha safu ya kwanza. Karani akibonyeza kitufe cha mwanafunzi wa 14, fedha zinazosomwa ni zile zilizoandikwa kwa mwanafunzi wa kwanza. Skrini haionyeshi kosa. Kosa litaonekana mwisho wa mwezi, pale mtoto ambaye mzazi wake amelipa atakapofukuzwa darasani kwa kuwa daftari linasema hakulipa.

Dawa yake ni fupi. Kitufe kilichobonyezwa kinajua kiko katika lupango ipi. Mtunzi na akiulize:

kitufe.NamingContainer.FindControl("kiasi")

Yaani: toka kwenye kitufe, nenda kwenye lupango yake, kisha humo tafuta kiasi. Katika kivinjari fikra ni ileile: kutoka kwenye kitufe, panda hadi kwenye safu yake kwa amri ya closest, kisha tafuta ndani ya safu hiyo kwa querySelector.

Kadhalika, wakati una uzito wake. Safu za jedwali hazipo mpaka data iletwe na kufungwa. Anayetafuta kabla ya hapo anabisha hodi kwenye lupango ambayo haijajengwa.

5.0 Anwani inayobadilika

Web Forms huunda pia jina kamili kwa ajili ya kivinjari, kwa kuunganisha majina ya lupango zote zinazokizunguka kidhibiti. Kisanduku cha safu ya 14 huweza kuitwa Mwili_Orodha_kiasi_13, kwa kuwa hesabu huanzia sifuri. Watunzi wengine hulinakili jina hilo neno kwa neno katika msimbo wao. Siku jedwali litakapowekwa ndani ya lupango mpya, jina kamili hubadilika na msimbo hukwama.

Wakazi wa Likasi wanalifahamu jambo hili. Mji wao uliitwa Jadotville hadi mwaka 1966. Jimbo la Katanga liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, likarudi kuwa Katanga, na mwaka 2015 likagawanywa, Likasi ikawa katika Haut-Katanga. Nyumba iliyojengwa kabla ya hapo haikusogea hata hatua moja, lakini anwani yake kamili imeandikwa upya mara kadhaa. Kwa hiyo jina kamili lisikaririwe. Liulizwe kwa kidhibiti chenyewe kila linapohitajika, kupitia sifa yake ya ClientID.

6.0 Hitimisho

Tumeeleza kwamba kitambulisho hakijitoshelezi. Maana yake hutokana na lupango kilimo. Mwalimu anayefundisha somo hili kwa Kiswahili hahitaji kubuni neno geni kwa dhana ambayo wanafunzi wake wanaishi ndani yake. Kabla ya kuwauliza "Kinaitwaje?", na aanze kwa kuwauliza, "Kinakaa lupango gani?"