Mtu wa Televisheni Asiye na Sura

Anas Aremeyaw Anas, mwandishi wa habari za uchunguzi kutoka Ghana, ni mtu wa televisheni ambaye watazamaji wake hawaijui sura yake. Mbele ya hadhira huvaa kofia ya pama iliyotungiwa nyuzi za shanga kwenye ukingo wa mbele. Nyuzi hizo hushuka hadi chini ya kidevu, zimebanana kiasi kwamba mtazamaji huambulia sauti, mikono na kivuli cha pua. Msomaji wa Pwani amezoea shanga zinazofichwa ndani ya kanga. Hizi zimepewa kazi ya kumficha aliyezivaa.

Shanga hizo zinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu zinapindua kanuni ya kazi yenyewe. Katika televisheni sura ni mtaji. Mtangazaji husalimiwa sokoni, hualikwa kuendesha harusi, na akichoka na habari anaweza hata kugombea ubunge. Nchini Kenya, Mohammed Ali wa kipindi cha Jicho Pevu alitoka kwenye skrini ya KTN akachaguliwa mbunge wa Nyali mwaka 2017, na hakuna aliyeshangaa sana. Kwa Anas njia hiyo imefungwa. Siku atakayotambulika barabarani ndiyo siku ya mwisho ya kazi yake, maana hukusanya habari kwa kuingia mahali kama mtu mwingine, akakaa humo mpaka wenyeji wamzoee. Kuna wakati alizivua shanga mbele ya kamera za BBC, na chini yake ikaonekana sura ya kiume iliyotulia. Hiyo nayo ilikuwa ya bandia.

Safari yake ilianzia kwenye gazeti. Mwaka 1998, akiwa mwanagenzi katika Crusading Guide la Accra chini ya mhariri Kweku Baako, alikwenda kuuza bidhaa kandokando ya barabara pamoja na wachuuzi, akawaona polisi wakipita kudai chochote ili wawaache wafanye biashara. Angeweza kuwahoji wachuuzi hao, akaenda kumpigia simu msemaji wa polisi na kuandika habari ya kawaida ambayo ingekanushwa kesho yake. Badala yake alisimama kwenye foleni ya wanaodaiwa. Mbinu yake yote imo ndani ya tukio hilo dogo. Kilichobadilika baadaye ni ukubwa wa watu aliowafuata, na kamera iliyoongezwa.

Alisoma pia sheria, na elimu hiyo inaonekana katika namna anavyoieleza kazi yake. Katika mihadhara yake, ukiwamo ule maarufu wa TED mwaka 2013, amekuwa akisema kwamba kazi yake ina hatua tatu: kumtaja mkosaji, kumwaibisha na kumfikisha jela. Hatua mbili za kwanza zinajulikana katika kila chumba cha habari. Ya tatu huwafanya wahariri wengi wakunje uso, kwa kuwa kufunga watu ni kazi ya dola. Anas hujibu kwamba uandishi wake ni zao la jamii anamoishi. Kwa maelezo yake, pale ambapo mwovu husoma habari zake gazetini, akacheka na kurudi kazini Jumatatu, habari iliyochapishwa haijamaliza kazi. Ugonjwa mkali hutaka dawa kali. Kwa hiyo hukusanya picha kwa viwango vya ushahidi, huzikabidhi kwa polisi, na husimama tayari kuitwa mahakamani.

Orodha ya watu aliowahi kuwa ni ndefu. Alifanya usafi katika danguro la Accra lililowatumia watoto. Aliingia katika gereza la Bangkok kwa mavazi ya padri, ili awasikilize Waafrika waliofungwa humo. Mpakani mwa Ghana na Côte d'Ivoire, akifuatilia magendo ya kakao, alijigeuza jiwe, kwa maana halisi ya neno hilo: alivikwa umbo la mwamba lenye matundu ya macho, akakaa kando ya njia. Picha ya jiwe hilo inachekesha, naye mwenyewe huionyesha ili watu wacheke.

Lililo gumu kucheka ni la mwaka 2009, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Accra. Alilazwa kama mgonjwa, akiwa na kamera ndogo katika kifungo cha shati, akarekodi wahudumu wakiuza dawa za kulevya ndani ya wodi. Lakini mgonjwa hupewa dawa, na dawa za wodi hiyo ni za kumlaza mtu. Ilimbidi azimeze huku akitafuta njia ya kubaki macho. Hapo swali la uigizaji linakwisha, kwa sababu mwili haujui kwamba mwenyewe yuko kazini. Mwaka huohuo, Julai 11, Rais Barack Obama alimtaja kwa jina katika hotuba yake mbele ya Bunge la Ghana, akimsifu kwa kuhatarisha maisha ili ukweli uandikwe. Jina likaenea dunia nzima. Shanga zikawa za lazima zaidi kuliko awali.

Afrika Mashariki inaingia katika habari hii kwa mlango wa huzuni. Mwaka 2011 kituo cha Al Jazeera kilionyesha filamu aliyoitengeneza Tanzania kuhusu mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyokuwa yameshamiri hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Timu yake ilitengeneza mkono wa bandia uliofanana na mkono wa binadamu uliokatwa, kisha Anas akaupeleka kwa mganga kama mteja anayetaka utajiri. Mtazamaji anayeangalia kipande hicho hupata shida kukaa kwenye kiti: mkono ni wa bandia, ila mazungumzo juu yake ni ya kweli.

Haki inadai isemwe kwamba njia hiyo ilikuwa imeshapitiwa na Mtanzania. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, aliyekuwa akiongoza ofisi ya BBC nchini, alijifanya mfanyabiashara mwenye kutafuta bahati, akawaendea waganga na kurekodi wakimwahidi dawa yenye viungo vya binadamu. Yeye hakuwa na shanga. Sauti yake ilijulikana redioni, na jina lake lilikuwa lake. Vitisho vilipokuja vilijua anwani yake, akalazimika kuondoka nchini kwa muda. Baadaye aliiacha BBC na kuliongoza nchini shirika la Under The Same Sun linalotetea watu wenye ualbino. Mwaka 2010 alipewa tuzo ya ujasiri ya taasisi ya kimataifa ya wanawake wanahabari. Ni vigumu kuwapima wawili hawa kwa mizani moja, lakini aliyeingia msituni akiwa na jina lake anastahili kukumbukwa mara nyingi kuliko anavyokumbukwa.

Kazi iliyoitikisa Ghana yenyewe ilitoka Septemba 2015. Kwa takriban miaka miwili Anas na kampuni yake, Tiger Eye, walikuwa wameingia kwa mahakimu na majaji kama ndugu au marafiki wa watu wenye kesi. Matokeo yake yalikuwa karibu saa 500 za picha na watumishi 34 wa kiti cha hukumu, wakiwamo 12 wa Mahakama Kuu. Fedha zilipokewa, na pamoja nazo mbuzi na vyakula. Filamu ilionyeshwa katika ukumbi mkubwa wa mikutano wa Accra, watu wakipanga foleni kama wanaokwenda kwenye mechi. Kabla ya hapo Anas alikuwa amekwisha kupeleka malalamiko rasmi kwa Jaji Mkuu na kwa Rais, maana mwanasheria ndani ya mwandishi alijua kwamba filamu pekee haimwondoi jaji. Mahakimu wengi wa mahakama za chini walifukuzwa kazi.

Mwaka 2018 ikafuata filamu ya mpira wa miguu, iitwayo Number 12, iliyotangazwa pia na BBC. Mtego ulikuwa tajiri wa Kiarabu wa kubuni mwenye hamu ya kuwekeza Ghana. Kwesi Nyantakyi, rais wa chama cha soka cha Ghana na mjumbe wa Baraza la FIFA, alirekodiwa akipokea dola 65,000 na kuzitia katika mfuko wa plastiki. Filamu ilizinduliwa Juni 6. Juni 8 Nyantakyi alikuwa amejiuzulu. FIFA ilimfungia maisha, na mwaka 2020 mahakama ya usuluhishi wa michezo ikaipunguza adhabu hiyo kuwa miaka 15.

Katika filamu hiyohiyo alikuwamo Mkenya. Aden Marwa, mwamuzi msaidizi aliyekuwa ameteuliwa kwenda kushika kibendera katika Kombe la Dunia nchini Urusi, alionekana akipokea dola 600 kutoka kwa mtu aliyejifanya kiongozi wa soka. Zilibaki siku chache michuano ianze, safari ikafa. Waamuzi wa Kenya wanaofika Kombe la Dunia ni wa kuhesabika, na wengi walisikitika kabla hawajakasirika. Dola 600 si bei ya mechi ya Kombe la Dunia. Zilitolewa kama zawadi, naye akazipokea, jambo ambalo kanuni zinakataza waziwazi. Lakini je, angeziomba kama asingeletewa? Kamera ilionyesha mkono ukipokea. Haikuwa na uwezo wa kuonyesha miaka ambayo mkono huo haukupelekewa kitu. Katika mtego wa majaji swali hili ni jepesi zaidi, kwa sababu pale kulikuwa na kesi na hukumu zilizouzwa. Kwa zawadi iliyotua mezani bila kuagizwa, hata wanaomuunga mkono Anas hugawanyika.

Mkakati wa kuficha sura ulikuwa na tundu moja: ulimfunika mtu mmoja. Tiger Eye ni kundi, na waliokuwa wakikaa na wahusika wiki baada ya wiki mara nyingi walikuwa vijana wasiojulikana kabisa. Mmoja wao alikuwa Ahmed Hussein-Suale, aliyeshiriki katika filamu ya soka. Mwaka 2018, wakati wa zogo la filamu hiyo, mbunge Kennedy Agyapong alionyesha picha ya kijana huyo kwenye kituo chake cha televisheni, akataja mtaa anaoishi na kuwahimiza watu wampige wakimwona, akiahidi kugharimia. Usiku wa Januari 16, 2019, Hussein-Suale alipigwa risasi ndani ya gari lake katika eneo la Madina, Accra, na watu waliokuwa kwenye pikipiki. Risasi zilimpata shingoni na kifuani. Alikuwa na umri wa miaka 31. Agyapong alikana kuhusika kwa namna yoyote na kifo hicho.

Baada ya mauaji Anas alitoa tamko kwamba kazi haitasimama, na haikusimama. Lakini swali lililowakaa rohoni wanahabari wa Ghana halina uhusiano na ushujaa wake. Kama shanga zilihitajika kwa bosi, zilihitajika kwa nani mwingine? Kundi linaloishi kwa kufichua siri za watu lilipaswa kujua thamani ya siri ya majina yake lenyewe, na pengine lilijua. Kilichokosekana ni nguvu ya kumzuia mtu mwenye kituo cha televisheni asiifanye picha ya raia kuwa tangazo la msako.

Novemba 2022 ilitoka filamu nyingine, safari hii kuhusu uchumi wa machimbo haramu ya dhahabu, na Rais Nana Akufo-Addo akamwondoa Charles Adu Boahen, waziri katika Wizara ya Fedha aliyeonekana humo akizungumzia fedha ambazo mwekezaji angehitaji kumtengea Makamu wa Rais. Makamu mwenyewe alijitenga na maneno hayo na kutaka mtu huyo afukuzwe.

Miezi minne baadaye gurudumu likageuka. Anas alikuwa amemshtaki Agyapong kwa kumkashifu, baada ya mbunge huyo kumwita mhalifu na mla rushwa mwenye kutumia picha zake kuwabana watu wampe fedha. Machi 2023 Jaji Eric Baah, akiketi katika Mahakama Kuu ya Accra, aliitupa kesi hiyo, na hakuishia hapo: alisema kazi anayoifanya Anas si uandishi wa uchunguzi, ni ugaidi wa uchunguzi. Wapo waliosikia katika maneno hayo kisasi cha taaluma iliyoaibishwa mwaka 2015. Wapo pia, na si wote ni maadui zake, walioona kwamba hatimaye jaji amesema kwa sauti jambo lililonong'onwa kwa muda mrefu: kwamba mtu anayepanga jaribu, analirekodi, analihariri, analionyesha kwa kiingilio na kisha kuwa shahidi wa mashtaka amevaa kofia nyingi mno.

Katika kesi ya jinai dhidi ya Nyantakyi ubishi ulihamia kwa shahidi mwenyewe. Upande wa mashtaka ulitaka Anas alindwe utambulisho wake anapotoa ushahidi; mawakili wa utetezi walishikilia kwamba mshtakiwa ana haki ya kumwona anayemshtaki, na jaji ana haki ya kusoma uso wa anayeapa mbele yake. Hoja zote mbili zina uzito, na hata shule za sheria zingeweza kuzijadili muhula mzima. Mwanasheria Anas anaijua hoja ya pili vizuri kuliko wengi. Mwandishi Anas alimzika Hussein-Suale, aliyeuawa baada ya picha yake kuonyeshwa hadharani.