Si Kila Mguu Hupulizwa

"Refa, mguu!" Kelele hiyo hutoka jukwaani uwanja wa City Park kwenye mechi za mpira wa magongo, karibu kila mpira unapogusa kiatu, na mechi ikiisha hakosi mzazi wa kunifuata aniulize mbona filimbi haikulia. Wanaouliza ni watu wenye akili zao, wengine makocha wa shule, na wote huja na hakika kwamba wameonewa. Basi tulimalize leo.

Kanuni inamkataza mchezaji kuuzuia au kuusukuma mpira kwa mwili. Wengi huishia hapo. Maelezo yaliyo chini yake yanasema wazi kwamba mpira kugusa mguu, mkono au kiwiliwili si kosa kila mara. Ni kosa pale tu mchezaji anaponufaika na mguso huo, au alipojiweka makusudi auzuie kwa mwili. Kwa hiyo kazi yangu haiishii kwenye kiatu: ninafuata mpira umekwenda wapi, na nani amefaidi.

Chukua tukio linalojirudia. Winga wa kulia anaingia ndani ya D, eneo lililo mbele ya lango, na kuukata mpira kuelekea katikati. Unaparuza kiatu cha beki, unapinda kidogo, unamfikia mshambuliaji wa pili aliye peke yake mbele ya kipa. Jukwaa zima: mguu! Nikipuliza hapo nawapa washambuliaji pigo la adhabu liitwalo kona fupi na kuwanyang'anya nafasi ya wazi ya kufunga, huku mabeki wakipata muda wa kujipanga. Nitakuwa nimemwokoa beki, na wanaonipigia kelele ndio walioumia. Mguso uleule ukiutuliza mpira mbele ya beki naye akausogeza nje, napuliza hata kama hakukusudia, na ni kona fupi. Ukizuia bao lililokuwa likiingia, ni pigo la penalti kutoka mita 6.40.

Imani kwamba kila mguu ni kosa ilikulia kwenye viwanja vya shule, vya nyasi chakavu na vumbi, ambako mpira huruka ovyo na mwalimu hupuliza kila mguso ili mambo yaende. Silaumu nyasi, Kenya iliyomaliza ya nne kwenye Kombe la Dunia la 1971 kule Barcelona ilizicheza. Ninacholaumu ni kinachofundishwa sasa. Wapo makocha wanaowaambia watoto "tafuta mguu": ukifika D na njia imefungwa, mpige beki mguuni upate kona fupi. Mpira huo una uzito wa gramu 156 hadi 163 na ni mgumu kama jiwe. Msichana wa kidato cha pili akipigwa nao kwenye kifundo kutoka hatua tatu, anaweza kumaliza muhula akichechemea, kwa sababu mtu mzima alimfundisha mwenzake ujanja usiomo kwenye kanuni. Nikiona mguu umelengwa, adhabu inamgeukia mpigaji, na kadi naweza kutoa. Makocha wa namna hiyo waache, leo.

Mengine upesi. D inaishia mita 14.63 kutoka milingotini. Bao halihesabiki mpaka mshambuliaji aucheze mpira ndani yake. Kwenye kona fupi wanaolinda hawazidi watano, kipa akiwamo, nyuma ya mstari wa goli. Mpira hutoka kwanza nje ya D, na shuti la kwanza likiwa la kupiga kwa nguvu lisivuke mstari juu ya sentimita 46. Ule wa kuvutwa kwa gongo na kurushwa hauna kikomo hicho, msiulalamikie. Upande wa mviringo wa gongo hauchezi mpira. Kadi ya kijani ni dakika 2 nje, njano ni 5 au zaidi, na wa nyekundu harudi tena. Ofsaidi ilifutwa tangu miaka ya 1990, acheni kuidai. Mtoto avae vikinga ugoko na kikinga meno hata mazoezini. Wanaolinda kona fupi wavae barakoa ngumu za uso, wazivue hatari ikishapita.