Gedi, Mji Unaolindwa na Wasioonekana

Msomaji aliyepata kusafiri kwa njia kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi amepita karibu na mji mkubwa pasipo kuuona. Mji huo ni Gedi. Umo ndani ya msitu, kadiri ya maili 10 kusini ya Malindi na maili 4 kutoka baharini, na kwa muda wa miaka zaidi ya 300 hakuna mtu aliyelala ndani ya nyumba zake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zingali zimesimama, na mizizi ya miti mikubwa imeziteremkia kama kamba.

Tangu zamani watu wa mashamba ya kandokando, walio wengi wao Wagiriama, wameuheshimu mji huu kwa hofu. Husemwa kwamba roho za wazee wa kale hazikuondoka pamoja na watu, bali zilibaki kulinda, na ya kuwa mtu atakayevunja ukuta au kuchukua kitu kisicho chake atapatwa na jambo. Wala si wenyeji peke yao walioona hivyo. Marehemu Bwana James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale aliyeuchimbua mji huo tangu mwaka 1948 hata 1958, aliandika kwamba siku za kwanza za kazi yake alijiona kama anayetazamwa kutoka nyuma ya kuta, na huyo mtazamaji hakuwa adui wala rafiki, alikuwa akingoja tu. Maneno hayo yaliandikwa na mtu aliyezoea kupima na kuhesabu, si mpiga ramli.

Lakini jambo la ajabu zaidi lilitoka ardhini. Katika uchimbaji kilionekana chungu kilichofukiwa karibu na mlango. Watu wa Pwani wanakijua chungu cha namna hiyo, hukiita fingo. Mganga huweka dawa au maandiko ndani yake, kisha hukifukia ili jini akae hapo na kuilinda nyumba, na mwizi aingiapo kwa nia mbaya hupotewa na akili. Basi mashetani ya Gedi hayakubuniwa na watoto wa wachungaji waliopita msituni. Wenye nyumba wenyewe waliyaalika, wakayapa kazi, kisha wakaondoka bila kuyaaga.

Na walikuwa na mali ya kulindwa. Mji ulienea kadiri ya ekari 45, nao ulikuwa na kuta za kuuzunguka, msikiti mkuu wa Ijumaa, jumba la mtawala, visima na vyoo vilivyojengwa kwa ustadi. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Nyumba zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Bakuli la Kichina. Katika baadhi ya nyumba hizo mna chumba cha ndani kabisa kisicho na mlango wowote. Mwenyewe alipanda ngazi akaingia kwa tundu lililo juu ukutani. Kila karani aliyepata kukabidhiwa funguo za ghala ataelewa kwa nini mtu wa Gedi hakutosheka na kufuli, akaongeza na jini.

Kwa nini waliuacha? Hapo wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 1589 Wazimba walipita Pwani wakiua na kuteketeza. Mwaka 1593 Wareno walihamia Mombasa pamoja na Shehe wa Malindi, na nguvu ya nchi ile ikapungua. Baadaye Wagalla walishuka kutoka kaskazini. Wengine husema maji ya visima yalizidi kwenda chini, na mkulima yeyote ajua kwamba hiyo peke yake yatosha kuhamisha mji. Na hili nalo ni fumbo: Wareno walikaa Malindi tangu mwaka 1512 hata huo 1593, lakini maandishi yao hayautaji mji huu uliokuwa jirani yao.

Magofu mengi ya Pwani yameporwa. Mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa katika nguzo za makaburi yameng'olewa, na mawe yamechukuliwa kujengea. Serikali iliulinda mji wa Gedi kwa sheria tangu miaka ya 1920, na mwaka 2024 uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, kabla ya sheria hizo msitu ulikuwa hauna askari, na kwa maoni yangu askari wa wakati ule alikuwa ni hofu. Sasa magari huleta wageni kila siku, na vijana wengi wa karibu huicheka hadithi ya wazee wa kale. Je, kuta hizi zitalindwa na tikiti ya mlangoni peke yake?

Nilipotembea humo jioni moja, kitu kiliruka nyuma yangu juu ya ukuta wa msikiti, na nakiri kwamba nilisimama nikasahau nilikokuwa nikienda. Alikuwa kima. Wako wengi sana, nao hawamwogopi mtu.

Njiani nilimkuta mzee mmoja akipalilia mihogo, nikamwamkia, naye akaniitikia. Nikamwuliza, "Baba, umepata kumwona pepo yeyote mle ndani?"

Akaegemea jembe. "Mwanangu, mimi sikwenda kumtafuta. Nitaingiaje usiku nyumbani kwa mtu asiyenialika?"

"Na kuni je? Mle mna miti mingi iliyoanguka."

"Kuni ziko mahali pengi," akasema, akaendelea kupalilia.