Aliyenunuliwa Alipomwokoa Mnunuzi

Kampuni Moja, Nembo Nyingi: Sehemu ya Pili

Makala ya kwanza iliishia kwenye orodha ndefu: Volkswagen ya Ujerumani ndiyo yenye Audi, Škoda, SEAT, Bentley, Lamborghini na Porsche, achilia mbali malori ya MAN na Scania. Leo tuliulize swali linalofuata. Mtengenezaji wa magari anamnunua mwenzake ili iwe nini? Wengi hujibu upesi kwamba anamnunua ili amfute sokoni, abaki peke yake na apange bei atakavyo. Sikubaliani nao. Sidai kwamba wenye viwanda ni watu wenye huruma; nadai kwamba anayenunua kwa nia hiyo huambulia majengo tu. Faida humwendea yule anayewaacha walionunuliwa waendelee kushindana, hata naye mwenyewe.

Ushahidi wangu mkubwa unatoka Ingolstadt, mji wa Bavaria. Mwanzoni mwa 1965 Volkswagen ilikuwa imechukua zaidi ya nusu ya hisa za Auto Union kutoka mikononi mwa Daimler-Benz. Auto Union yenyewe ilizaliwa mwaka 1932 kwa kuunganisha kampuni nne, na pete zake nne ndizo tunazoziona hadi leo mbele ya kila Audi. Heinrich Nordhoff, mkuu wa Volkswagen, hakuvutiwa na magari ya Ingolstadt. Alichokitaka ni nafasi ya kiwanda, kwa kuwa Beetle, lile gari dogo lenye mgongo kama wa kobe, lilikuwa likigombewa na wanunuzi kila pembe ya dunia. Akaagiza Beetle ziunganishwe humo, mamia kwa siku, na wahandisi wa Ingolstadt wakakatazwa kubuni gari lolote jipya. Mkuu wao, Ludwig Kraus, hakutii. Aliendelea kwa siri na gari alilolikusudia, mpaka likafikia umbo la udongo lenye ukubwa wa gari kamili. Rudolf Leiding, ambaye Volkswagen ilimtuma kukisimamia kiwanda, alipolikuta umbo hilo angeweza kuamuru livunjwe. Badala yake aliomba Wolfsburg, kwenye makao makuu, ruhusa ya kile alichokiita marekebisho ya bodi. Mwishowe Nordhoff mwenyewe aliliona gari, akakubali. Audi 100 ikatangazwa mwishoni mwa 1968, miezi michache baada ya Nordhoff kufariki.

Tuseme Kraus angetii. Beetle lilikuwa na injini nyuma, inayopozwa kwa hewa, na Wolfsburg walikuwa mabingwa wa gari hilo kiasi kwamba aina nyingine waliijua kidogo sana. Februari 1972 idadi ya Beetle zilizotengenezwa ilipita milioni 15, rekodi ya Ford Model T ikavunjwa. Miaka miwili tu baadaye Volkswagen iliandika hasara ya zaidi ya mark milioni 800. Wanunuzi walikuwa wamehamia kwenye magari yenye injini mbele, inayopozwa kwa maji, na kuzungusha magurudumu ya mbele. Ujuzi huo ulikuwepo Ingolstadt. Passat la 1973 lilikuwa Audi 80 lililobadilishwa umbo la nyuma. Golf la 1974, gari lililokuja kurithi nafasi ya Beetle, lilitumia injini zilizobuniwa Audi. Polo la 1975 lilikuwa Audi 50 lililopunguziwa mapambo. Na aliyeisukuma kampuni nzima ielekee huko ni Leiding yuleyule, aliyepanda kuwa mkuu wa Volkswagen mwaka 1971. Wapenzi wa Safari Rally wanaweza kuipima safari hiyo kwa kumbukumbu zao: mwaka 1962 Beetle lilishinda mashindano hayo, mwaka 1987 Hannu Mikkola aliyashinda akiendesha Audi 200, injini mbele na nguvu ikienda kwenye magurudumu yote manne.

Hapa nitaambiwa kuwa 1965 ni zamani, na kwamba ushindani wa siku hizi kati ya nembo za tajiri mmoja ni mchezo wa kuigiza. Ukimkataa Volkswagen ukamwendea Škoda, fedha zako si zinaingia mfuko uleule? Zinaingia kweli. Lakini viwandani, mtu hulipwa mshahara na kupandishwa cheo kwa hesabu za nembo yake, na hapo ndipo ushindani unapouma. Serikali ya Czechoslovakia ilipokuwa ikitafuta mshirika wa Škoda, Renault na Volkswagen walikuwa mezani. Ikachaguliwa Volkswagen, na mwaka 1991 mkataba ukatiwa saini, jina la Škoda likibaki palepale. Tangu Octavia la 1996, Škoda imekuwa ikijenga magari juu ya chasisi ile ile ya Golf, yaani sakafu na sehemu zinazoshika injini, usukani na magurudumu, halafu ikampa mnunuzi buti kubwa zaidi kwa bei nafuu. Ilifanya hivyo kwa ufanisi kiasi kwamba mwaka 2017 shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa mameneja na chama cha wafanyakazi ndani ya Volkswagen walitaka Škoda ibanwe: ilipie zaidi teknolojia ya pamoja, na sehemu ya kazi yake ihamishiwe Ujerumani. Mchezo wa kuigiza hauwatishi wachezaji wenyewe namna hiyo. Kilio kile kilikuwa cha watu waliokuwa wakipoteza wateja.

Anayetaka kuona upande wa pili na aitazame General Motors ya Marekani. Alfred Sloan, aliyeiongoza tangu 1923, alizipanga nembo zake kama ngazi: Chevrolet chini kwa mwenye kipato kidogo, Cadillac juu kabisa kwa tajiri, na katikati Pontiac, Oldsmobile na Buick. Kila nembo ilikuwa na wahandisi wake na injini zake, na kwa miaka mingi hakuna aliyeifikia kampuni hiyo. Kisha gharama zikaanza kubanwa mahali pasipostahili, tofauti zikafutwa moja baada ya nyingine. Mwaka 1981 Cadillac ilitoa gari liitwalo Cimarron. Lilikuwa Chevrolet Cavalier lililovishwa viti vya ngozi na nembo ya kifahari, na mtu aliyeyasimamisha mawili hayo sambamba aliona milango ile ile na paa lile lile. Wateja hawakudanganyika. Oldsmobile ilifungwa 2004, General Motors yenyewe ikaomba ulinzi wa kufilisika Juni 2009, na Pontiac ikafuata kaburini 2010. Tofauti ikishakufa, jina pekee halina uwezo wa kuliuza bati.

Pingamizi zito kuliko yote ni lile la usalama, nami sitalikwepa. Nembo zikishiriki injini, zinashiriki na ugonjwa wake. Septemba 2015 ilibainika kuwa Volkswagen ilificha kwenye injini zake za dizeli programu ya kudanganya vipimo vya moshi, na magari yapatayo milioni 11 yakahusika. Yalikuwemo ya Audi, Škoda na SEAT. Desemba 2023 Daihatsu, ambayo Toyota inaimiliki yote tangu 2016, ilikiri kughushi majaribio ya usalama katika aina 64 za magari. Mengi kati ya hayo yaliuzwa kwa jina la Toyota, na mengine kwa majina ya Mazda na Subaru. Haya yananifanya nisimame upande wa mnunuzi bila kusita: kampuni ikiruhusiwa kumiliki nembo kumi, ilazimishwe kusema wazi nani alibuni gari, nani alilitengeneza na injini ni ya nani. Kuficha asili ya gari ni kumnyima mteja haki ya kulinganisha, na bila kulinganisha ushindani wote niliousifu hapa unakuwa hauna maana kwake.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Passo zinazojaa barabara za Dar es Salaam na Nairobi zimeandikwa Toyota, lakini aliyezitengeneza ni Daihatsu, ambayo gari hilo hilo ililitoa pia kwa jina lake na kuliita Boon. Ukienda kununua Passo, muulize muuzaji bei ya Boon la mwaka huohuo, kisha mwombe afungue boneti zote mbili.