Maji Yalifika Wapi? Swali la Kuulizwa Kabla ya Kugawa Viwanja

Kata ya Nyabusozi, wilayani Biharamulo, ina jina ambalo sikio la msemaji wa Kirundi au Kinyarwanda hulitambua upesi, kwani kwao umusozi ni mlima. Nchi yote hii, kutoka huko hadi Ngara kwenye mpaka wa Rwanda na Burundi, ni ya vilima na mabonde. Wazee wa Ngara walijua kuigawa bila ya kuandikiwa na mtu: nyumba na migomba viwe juu, mgongoni mwa kilima, bonde liachiwe maji, malisho na mazao ya msimu.

Mpangilio huo unavunjika mbele ya macho yetu, wala hatuwezi kuwalaumu wanaouvunja. Barabara hupita bondeni, na soko huifuata barabara. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata kilichobaki juu ya kilima hakitoshi kujenga banda la kuku. Kiwanja cha bondeni kinapatikana kwa bei nafuu, nacho huuzwa wakati wa kiangazi, mwezi wa Julai au Agosti, nyasi za huko zikiwa bado mbichi ilhali kwingine zimekauka. Mnunuzi huona ubichi ule akaona neema. Laiti angekwenda kukitazama mwezi wa Aprili! Mtu anunuapo ng'ombe humfungua kinywa akamtazama meno, lakini kiwanja atakachokilalia maisha yake yote na ya wanawe hukitazama mara moja, jua likiwaka.

Tathmini ya hatari ya mafuriko inapotajwa, wengi wetu hufikiri ni kazi ya wataalamu wenye mitambo, watokao mkoani au Dodoma. Sehemu yake ni kazi yao kweli. Hata hivyo, kiini chake ni maswali ambayo kijiji chenyewe kinaweza kuyajibu zaidi ya nusu. Maji huja wapi, hufika kimo gani, na kila baada ya miaka mingapi? Yakija, yatamkuta nani na nini? Na aliyekutwa ana uwezo gani wa kukimbia, kisha wa kusimama tena? Mafuriko yaliyopita katika bonde tupu si maafa. Maji yaleyale yakikuta madrasa yenye watoto, hesabu ni nyingine.

Swali la kwanza linaanzia kwa wazee. Wapo waliokuwa wakubwa mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliponyesha, na wachache bado wanazikumbuka mvua za mwanzo wa uhuru, za 1961 na 1962, zilizolipandisha Ziwa Viktoria kwa kiwango ambacho kilikuja kupitwa Mei 2020 tu. Mzee wa namna hiyo asiulizwe kama maji yalikuwa mengi, maana atajibu ndiyo, na jibu hilo halichoreki kwenye ramani. Apelekwe mahali penyewe asimame, aonyeshe kwa mwili wake: hapa yalifika kwenye kifundo cha mguu, pale gotini, kule kiunoni. Kila mahali pawekwe kigingi. Wazee watano wakipita kwa nyakati tofauti na vigingi vyao vikakaribiana, kijiji kimepata mstari wa maji ambao hata mhandisi atauheshimu. Ardhi nayo hutoa ushahidi wake. Mafunjo na matete hayaoti mahali pakavu; udongo mweusi wa mfinyanzi umeletwa na maji yaliyotuama; na kalavati lililozibwa kwa mchanga na matawi lasimulia jinsi maji yalivyolishinda nguvu.

Hapa yafaa tulieleze neno moja linalowapotosha hata wasomi. Wataalamu husema "mafuriko ya miaka mia", nasi tukaelewa kwamba yakishatokea tumepumzika kwa karne nzima. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka yana nafasi moja kati ya mia ya kutokea, na hayakumbuki kama mwaka jana yalikuja. Familia ikikaa katika nyumba hiyo miaka 30, muda wa kumlea mtoto hadi naye awe mzazi, nafasi ya kukutwa na mafuriko hayo angalau mara moja inazidi robo. Yakiwa mafuriko ya miaka 20, nafasi hiyo inafika karibu asilimia 79. Baba anayejenga kwa matofali ya kuchoma na kuezeka kwa bati anajenga kwa ajili ya miaka 30 hiyo, wala si kwa ajili ya msimu ujao.

Tena kilima cha leo si kile walichokijua wazee. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 wakaingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji. Walipokewa, na hilo ni jambo la fahari kwa wenyeji. Lakini watu hao walihitaji kupika na kujenga, na miti ya maeneo yaliyozizunguka kambi ilikatwa sana. Mteremko usio na miti hauyashiki maji, huyasukuma. Mvua ileile ya zamani hufika bondeni upesi zaidi, ikiwa imebeba udongo. Kwa wakazi wa kandokando ya Ruvubu na Kagera kuna la ziada: mito hiyo hukusanya maji ya Burundi na Rwanda kabla ya kukutana Rusumo, hivyo huweza kupanda siku ambayo Ngara kwenyewe jua linawaka.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinaitambua ardhi hatarishi. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inakipa kijiji mamlaka ya kuandaa mpango wake, ukapitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Tunachokihofia ni kuigeuza ile mita 60 kuwa ndiyo elimu yote. Futi ya kupimia haijui umbo la bonde. Penye korongo lenye kingo ndefu, mtu aliye umbali wa mita 40 huenda asiloane maishani. Penye bonde pana kama sinia, aliye mita 200 akaamka godoro likielea. Mita 60 ni kiwango cha chini cha sheria. Mstari wa maji uchorwe kwa kuyafuata maji.

Mji usiouchora mstari huo mapema huuchora baadaye kwa gharama kubwa. Mvua za Desemba 2011 jijini Dar es Salaam ziliua watu wapatao 40, na familia za Bonde la Msimbazi zikapelekwa Mabwepande, mbali na vibarua vyao. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walipita mitaani wakichora nyumba, mitaro na njia za maji. Kazi njema, ila ilifanywa nyumba zikiwa zimekwisha kujaa bondeni. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo, na sehemu ya fedha ni ya kuwaondoa na kuwafidia watu. Kijiji cha Biharamulo hakitapata dola milioni 200. Kina bonde ambalo bado halijajaa, na hiyo ni mali kuliko mkopo.

Wala anayejenga mtelemkoni asijione salama kwa kuwa mto uko mbali. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang vilishuka juu ya Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakafa. Pale ni mlima ulioshuka, na wenye nyumba za vilimani Ngara wana sababu ya kuyatazama makorongo yaliyo juu ya vichwa vyao.

Wako watakaosema kwamba yote ni kadari. Ni kadari, lakini kutawakali hakujawahi kumaanisha kulala mkondoni.

Tukirudi nyumbani, mafuriko yana tabia ya kuja usiku, na usiku wa namna hiyo mara nyingi baba yuko safarini au mnadani. Walioko ndani ni mama, watoto na bibi asiyeweza kutembea. Ndiyo sababu tunasema wanawake wasikose wanapokaa wapimaji wa mpango wa kijiji; wao ndio wajuao njia ipi hupitika kwa miguu maji yakiwa gotini, na kisima kipi huchafuka kwanza. Choo cha shimo kikichimbwa mahali maji yanapofika, kitamwaga kilichomo kisimani, na kipindupindu kitamfuata hata yule ambaye nyumba yake haikuguswa.

Yapo pia mambo yanayotuhusu sisi wenyewe misikitini. Mara ngapi kiwanja kinachotolewa wakfu kwa ajili ya msikiti au madrasa ni kile cha bondeni, ambacho mwenyewe asingejengea nyumba yake? Kamati isione haya kuuliza, kwa adabu, maji hufika wapi, na ikibidi wakfu huo uwe shamba la mpunga la kuuendesha msikiti uliojengwa juu. Muuzaji anayejua historia ya kiwanja akanyamaza ameficha kasoro ya bidhaa, na fikihi ya biashara imekwisha kulisema hilo.

Kisha mirathi. Tumeona mashamba yakigawanywa kwa kamba, hatua kwa hatua, kila mmoja akapata eneo lake kisheria, lakini sehemu ya juu ikawaangukia kaka na ya bondeni ikamwangukia dada. Kwa kipimo cha hatua mgao ule ni sahihi. Wanazuoni wetu, hata hivyo, wanajua kugawa kwa thamani na si kwa ukubwa wa eneo pekee, na ardhi inayofunikwa na maji kila baada ya miaka michache haina thamani ya ile isiyofunikwa. Basi siku ya kugawa, kabla kamba haijanyooshwa, aitwe mzee aliyeziona mvua za 1997, apite shambani na familia yote, dada akiwamo, aonyeshe maji yalipofika.